Nani Apewe Antena, Nani Asubiri

Hotuba hii, juu ya kugawana antena na seva za vituo vinavyopokea data za setilaiti, niliitoa Mombasa, mbele ya wahandisi vijana wa mawasiliano na walimu wao. Waliokosa kufika wameomba waisome yote. Picha za kwenye skrini nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wangu, wahandisi wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango mkidhani siwaoni: hamjambo?

Naanza na swali. Nani hapa amewahi kufika Ngomeni? Mikono juu tuione. Watano… sita. Ukumbi mzima huu, watu sita! Na Ngomeni si ng'ambo, iko hapo kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu ipate uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini pale, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Wakaiita Uhuru. Wanafalaki wa dunia nzima wanalijua jina hilo, na sisi tunapita na basi la Lamu hata shingo hatugeuzi.

Kwa nini walikuja Ngomeni? Hawakufuata ufuo. Walifuata ikweta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita karibu na Malindi katika kila mzunguko, kila baada ya saa moja na nusu na ushei, usiku na mchana. Ndiyo maana urushaji wenyewe ulikoma mwaka 1988 lakini kituo cha ardhini hakikufungwa. Swift, darubini ya angani iliyorushwa 2004, hushusha data zake Malindi. NuSTAR, iliyorushwa 2012, hali kadhalika. Wakati mnapikiwa chai asubuhi, habari za nyota zilizolipuka mabilioni ya miaka iliyopita zinashukia jirani yenu.

Sasa geuza sura. Chukua setilaiti inayopita juu ya ncha za dunia, kama zilivyo nyingi za kupiga picha. Taifa-1 yetu, iliyorushwa Aprili 2023, ni ya aina hiyo. Ukiwa umesimama hapa pwani, setilaiti kama hiyo utaiona mara tatu kwa siku, nne ukibahatika. Kituoni kila mara moja tunaiita pasi. Ikipita juu kabisa ya utosi, unaiona kwa dakika kama kumi. Ikipita pembeni, sita, tano, au inachungulia tu na kuzama. Jumlisha zote: kwa siku nzima nusu saa haifiki. Saa nyingine zote, kwa setilaiti ile, dishi lako la mamilioni ni pambo la uani.

Hapo ndipo ilipo mali, ndugu zangu. Mali ni dakika. Ukitoka hapa ukisahau kila kitu, hilo usilisahau, kwa sababu watakuja watu wenye suti nzuri kukuuzia programu, na watakwambia kwamba programu yao imeondoa uhaba. Uhaba upi? Programu haiongezi hata sekunde moja ya anga.

Nyinyi ni watoto wa bandari, mtanielewa. Meli ikifika Kilindini ikakuta magati yamejaa, inatia nanga nje, inangoja. Nahodha atalalamika, tajiri atalipa faini, lakini meli itakuwepo kesho. Setilaiti haitii nanga. Inakwenda kilomita saba na nusu kila sekunde. Usipokuwa na antena imeielekea, na modemu (kifaa kinachofasiri mawimbi kuwa data) iko tayari, na njia ya kupitisha data iko wazi, kwa dakika zile zile, imekwenda zake. Wengine wanasema itarudi. Ndiyo, itarudi, ila itarudi wakati ambao mwingine naye anataka.

Niwaambie mambo yalivyokuwa. Mkiingia kituo cha zamani mtakuta chumba baridi kama cha kuhifadhi samaki, rafu za chuma zimepangwa mstari, na kila rafu ina jina la mteja. Modemu yake, kigeuza masafa chake, rekoda yake. Mteja wa pili akija, unaagiza rafu ya pili. Rafu hizo zinafanya kazi nusu saa kwa siku, halafu zinawaka taa na kula umeme mpaka kesho. Hakuna anayethubutu kumkopesha jirani, maana kifaa kimetengenezwa kwa setilaiti moja tu.

Mwaka 2012, mjini Darmstadt, Ujerumani, kampuni za simu zaidi ya kumi zilitoa waraka zikisema: inatosha. Hatutaki tena sanduku moja kwa kazi moja. Kazi za mtandao ziwe programu, ziendeshwe kwenye seva za kawaida, zihamishwe panapohitajika. Wao walikuwa wanafikiria minara ya simu. (Darmstadt hiyo hiyo ndiko Shirika la Anga la Ulaya linakoongozea setilaiti zake, lakini sidhani kama walialikana.) Watu wa setilaiti walichelewa, kisha wakafuata. Leo modemu inaweza kuwa programu. Mawimbi yakishafika kwenye antena yanageuzwa namba, namba zinasafiri kwenye kebo kama data nyingine yoyote, na mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, inazipokea na kuzifasiri. Pasi ikikaribia, unaiwasha mashine pepe ya mteja huyu. Pasi ikiisha unaizima, na seva ile ile inamhudumia mwingine. Tangu 2019 Amazon wanakodisha antena kwa dakika, na moja ya vituo vyao iko Cape Town.

Je, tumetajirika? Tumetajirika, sikatai. Lakini kugawana nako kuna mambo yake.

Kuna kituo kimoja, sitakitaja, kilichokuwa kikipokea picha za setilaiti usiku. Picha zikaanza kufika na mistari myeusi. Fremu, yaani vipande vya data, zimepotea. Si kila usiku, na si kwa setilaiti zote. Mafundi wakaanza na antena, kama ilivyo ada. Viunganishi vikafunguliwa vikafutwa chumvi, maana kituo kiko karibu na bahari na chumvi ndiyo mshukiwa wa kwanza daima. Kebo zikapimwa. Kijana mmoja akapandishwa kwenye dishi na tochi kichwani. Kila kitu kizima. Mwishowe binti mmoja, mgeni kazini, akachukua kumbukumbu za aina mbili akaziweka bega kwa bega: saa ambazo fremu zilipotea, na saa ambazo seva ilikuwa na shughuli nyingi. Zikalingana. Kumbe kwenye seva ile ile kulikuwa na mteja wa pili aliyekuwa akibana na kuhamisha mafaili yake kila usiku saa nane na nusu. Pasi yoyote iliyogusa wakati huo iliumia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye karatasi, hakuna aliyemwibia mwenziwe. Kila mmoja alikuwa amegawiwa kori nane za prosesa, yaani sehemu zake nane za kukokotoa, na kila mmoja alizitumia zake. Tatizo lilikuwa kile ambacho hakuna aliyekigawa: kache ya prosesa, ile akiba yake ndogo ya haraka, na njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ya seva (RAM). Vitu hivyo havikuwemo kwenye jedwali, kwa hiyo vilikuwa vya mwenye nguvu. Na yule wa mafaili akichelewa robo sekunde, haidhuru, atamaliza baadaye. Modemu ikichelewa, namba zinazoingia hazingoji. Zinafurika, zinamwagika, na fremu imekwenda.

Dawa ilikuwa rahisi, ila ya gharama. Modemu ikafungiwa kori zake, ikapewa kumbukumbu iliyo upande wake wa prosesa na kadi ya mtandao iliyo upande huo huo, na kazi zote za mafaili zikapigwa marufuku wakati wa pasi. Matumizi ya seva yakashuka, mhasibu akanung'unika. Mwacheni anung'unike! Seva inayofanya kazi kwa asilimia 95 inapendeza kwenye ripoti, lakini kituo cha setilaiti kinalipwa kwa fremu zilizofika.

Nende mbele. Mnaujua urefu wa mnyororo? Antena, kigeuzi cha kufanya mawimbi yawe namba, seva, mkongo (kebo kuu inayotoa data kituoni), mteja. Mnyororo huo unagawiwa wote pamoja, au usigawiwe kabisa. Ukimpa mteja antena bila seva, umempa nini? Ukimpa antena na seva, halafu mkongo umejaa, umempa nini?

Twendeni mbali kidogo, Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kwenye nyuzi 78 kaskazini. Baridi yake msiitamani. Svalbard kwa ncha ya dunia ni kama Malindi kwa ikweta: setilaiti zinazopita kwenye ncha zinaonekana pale katika kila mzunguko, mara kumi na nne au kumi na tano kwa siku, pale ambapo sisi tunaziona mara tatu. Kwa hiyo wamepanda antena kama mnazi. Lakini data ikishashuka kisiwani, inatokaje? Mpaka mwanzoni mwa 2004 haikuwa na mkongo; ilibidi irushwe tena juu kupitia setilaiti nyingine. Ndipo zikalazwa kebo mbili chini ya bahari hadi bara. Januari 2022 moja ikaharibika. Huduma haikukatika, ile ya pili ilibeba. Lakini fikirieni hali ya mpangaji wa ratiba siku ile: antena zote nzima, anga safi, na dunia nzima ya picha za setilaiti inapita kwenye uzi mmoja.

Na hapa pana hesabu ambayo nataka muifanye wenyewe, toeni simu. Mawimbi yenye upana wa megahezi 500. Ukiyageuza namba kwa sampuli milioni 625 kila sekunde, kila sampuli biti 16, unapata ngapi? … Gigabiti 10 kwa sekunde. Vizuri. Hizo ni namba ghafi, kabla modemu haijazifasiri. Zinatiririka hata setilaiti ikinyamaza, maana unabeba mawimbi pamoja na kelele zake zote. Data halisi iliyomo ndani inaweza kuwa gigabiti moja, au chini yake. Sasa, modemu utaiweka wapi? Ukiiweka kwenye wingu, huko kwenye jengo kubwa la seva, unaokoa fedha za seva na unaumiza mkongo mara kumi. Ukiiweka kituoni, mkongo unapumua, lakini lazima uwe na seva za kutosha pale pale, chumvi na joto vikizisubiri. Mimi, kwa vituo vya kwetu, nasema fasirini kituoni. Mkongo wa kwenda nje bado ni ghali kuliko kiyoyozi. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na wako humu ndani, mtawasikia baadaye.

Mvua sitakaa nayo sana. Mnajua masika ya Mombasa. Kwenye masafa ya juu, yale ya Ka, wingu zito la mvua linaweza kubakisha asilimia moja tu ya nguvu ya mawimbi. Seva zako ni kavu, programu yako ni nzima, na husikii kitu. Dawa ni kuwa na antena nyingine kilomita makumi kadhaa kutoka hapo, maana dhoruba ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Inanyesha Nyali, Kwale jua linawaka. Zamani ilibidi kila eneo liwe na rafu zake kamili. Sasa madishi yanakaa mbali mbali, na modemu zinakaa pamoja na kuhamishwa kutoka dishi hadi dishi. Hapo ndipo mtandao pepe, huu wa programu badala ya masanduku, unapolipa gharama zake kweli kweli. Ila uhamisho ufanywe kabla mvua haijafika, rada ya hali ya hewa ikikuonya. Ukingoja mpaka mawimbi yafe, umechelewa.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonileta. Wengi hulipita haraka kwa sababu si la nyaya wala la programu.

Nani asubiri?

NASA wana mtandao wa antena kubwa sehemu tatu: Goldstone huko California, Madrid, na Canberra. Zimepangwa kuizunguka dunia ili chombo kilicho mbali angani daima kiwe machoni pa mojawapo. Kila chombo cha mbali kinazitaka: darubini ya Webb, vyombo vya Mirihi, Voyager. Novemba 2022 wakarusha Artemis I kwenda mwezini, pamoja na setilaiti ndogo kumi zilizopanda roketi hiyo hiyo. Artemis ilipita mbele. Wengine wakasukumwa, Webb ikiwemo. Julai 2023 mkaguzi mkuu wa NASA akaandika kwamba mahitaji yanazidi uwezo wa mtandao ule, wakati mwingine kwa kiasi cha asilimia 40. Hao ni NASA, jamani! Wana programu za kupanga ratiba ambazo sisi tunazisoma vitabuni. Na bado, ratiba yao inakamilika baada ya watu wa vyombo mbalimbali kuketi na kujadiliana, miezi kadhaa kabla. Wewe nipe saa mbili zako za Jumanne, nami nitakuachia Alhamisi.

Kwa nini kompyuta isimalize kazi? Haya, chukua pasi 40 na antena 10. Kila pasi inaweza kwenda kwenye antena yoyote. Njia za kupanga ni moja ikifuatwa na sifuri arobaini. Hakuna mashine itakayozipitia zote. Kwa hiyo programu inatafuta iliyo nzuri kiasi, na mara nyingi inaipata. Lakini nzuri kwa kipimo gani? Hapo programu inakutazama wewe usoni. Wewe ndiye uliyeiambia nzuri ni ipi.

Mfano. Mkuu wa kituo anasema: antena zisikae bure, tafuta ratiba yenye dakika nyingi zaidi. Agizo zuri, sivyo? Mnaitikia kwa vichwa, naona. Sasa kumbukeni kwamba setilaiti iliyo kilomita 800 juu huonekana hadi dakika kama 15, na iliyo kilomita 400 hufika 10 kwa shida. Zikigongana, programu itachagua ipi? Ndefu. Kesho? Ndefu. Kesho kutwa? Ndefu. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mei 2018 iliachiliwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa, huko huko kilomita 400. Ndogo, ingekaa kwenye begi la shule. Chini ya agizo lile, setilaiti kama ile ingekosa kila mgongano, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angekuwa ameamua kuinyima. Ukiuliza, utaambiwa "mfumo ndio uliopanga".

Jibu hilo mlikatae. Mfumo haupangi; mfumo unatii. Na tena nawaambia: mfumo unatii.

Basi tuchukue usiku mmoja. Tana imefurika, kama ilivyofurika mwishoni mwa 2023, Garissa imezungukwa na maji. Wingu limetanda, kamera za kawaida hazioni kitu, lakini setilaiti ya rada inapenya wingu na imeshapiga picha. Inachomoza upeo wa macho wa kituo chako saa tisa na dakika kumi. Dakika ile ile inachomoza setilaiti ya mteja anayelipa vizuri, kwa wakati, kila mwezi. Antena inayofaa ni moja. Utampa nani?

Mmejibu haraka sana! Wote mmesema rada. Mnajibu haraka kwa sababu mmeketi ukumbini mchana. Zamu ya usiku, mkataba wa yule mteja uko mezani na una faini, na simu ya bosi haipokelewi, hutajibu haraka hivyo. Ndiyo maana swali hili lazima lijibiwe siku ya kuandika mkataba, kwa maandishi, na liingizwe kwenye programu likiwa kanuni. Kijana wa zamu asibebeshwe.

Kanuni zangu mimi ni hizi, mzipinge mkitaka. Pasi ikishaanza, isikatwe, isipokuwa setilaiti nyingine iko hatarini kupotea kabisa. Nusu ya faili mara nyingi haina thamani, na dishi likigeuka katikati mnaweza mkakosa wote wawili. Aliyesukumwa leo apewe nafasi ya kwanza kwenye mgongano ujao, na aambiwe mapema, si asubuhi baada ya kukuta folda tupu. Anayeweka nafasi asizitumie, ziende kwa mwingine, na mara ya tatu alipe. Na ratiba ibandikwe pamoja na orodha ya waliokosa. Vituo vingi vinaonyesha waliopata tu.

Tena, kituo kikijaa, semeni kimejaa. Novemba 2024 Starlink waliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umefika kikomo. Watu walikasirika, mimi niliwapongeza. Ni afadhali mlango ufungwe kuliko mtu kuuziwa kiti ambacho mwenziwe ameshakikalia.

Wale wa mwaka wa nne mliokuwa mnaniuliza mradi wa kufanya, huu hapa. Vigezo vya obiti, yaani njia za mzunguko, za setilaiti viko wazi mtandaoni, bure. Chagueni setilaiti arobaini, za juu na za chini. Wekeni antena mbili za kubuni, moja Mombasa, moja Malindi. Andikeni programu mbili za kupanga wiki nzima: moja itafute dakika nyingi zaidi, nyingine itafute setilaiti nyingi zaidi zilizosikika angalau mara moja kwa siku. Kisha msiniletee wastani. Nileteeni majina ya setilaiti ambazo hazikusikika hata mara moja katika wiki, kwa kila programu, na maelezo ya ukurasa mmoja mtakayompelekea mwenye setilaiti hiyo kumwambia kwa nini.

Ahsanteni. Naona mkono pale nyuma, mpeni maikrofoni.